Ijumaa, Tarehe Ishirini

Ngokolo, Shinyanga
4 Novemba 2024

Kaka Muhidini,

Shikamoo. Assalaam alaykum. Huku tunaendelea vizuri, ila Mama miguu inamvimba jioni, na dawa za presha anakunywa akikumbushwa tu. Asipokumbushwa anasema amesahau, kumbe hataki. Anakusalimu. Kila siku ananiuliza mbona simu yako haipatikani, nami namjibu kuwa migodini mtandao ni wa shida. Sijui kama ni kweli. Ndiyo maana nimeona nikuandikie, barua akuletee Rhoda, yule jirani yetu anayepeleka dagaa Segese.

Abdulhalim naye ana habari gani? Tangu aende Runzewe kuuza kwenye duka la vitambaa ametupigia mara mbili tu, na zote mbili alikuwa na haraka. Mama anasema mtoto wake wa mwisho amemsahau. Ukipata mtu wa kwenda huko, mtumie salamu zetu.

Sasa langu. Chuo kimeanza. Nilidhani mtu akisomea maendeleo ya jamii ameachana na hesabu milele, kumbe kuna somo la lazima, Hisabati kwa Wote, wanalisoma wote ambao hisabati si fani yao. Unakumbuka nilivyolia siku ya matokeo ya kidato cha nne. Basi nina miaka ishirini na tisa, nimekaa dawati la mbele, na hofu ni ileile. Mwalimu anaitwa Bi Justa. Anatupitisha kidogo kila mahali: seti, mantiki, asilimia, uwezekano, grafu. Anasema hataki tuwe mahodari, anataka tusidanganywe.

Ametupa kazi ya muhula. Kila mmoja atafute kitu cha kweli kinachobadilika, akipime kila wiki, achore grafu, aeleze. Wenzangu wanapima bei za nyanya na urefu wa mahindi. Wewe huko mgodini hukosi kitu. Nitafutie.

Mdogo wako,
Mwanne


Segese
16 Novemba 2024

Mdogo wangu Mwanne,

Marahaba, na waalaykum salaam. Nimefurahi kuona mwandiko wako. Mimi mzima, mgongo tu unanikumbusha umri. Mwambie Mama anywe dawa, asifanye utoto. Mvua zimeanza huku, matope yamefika magotini, na pikipiki za Bulyanhulu zinaanguka moja moja kama kuku wenye kideri.

Abdulhalim hajambo. Anakula vizuri.

Kuhusu kazi yako ya shule, nimecheka. Umetoka huko kote uje kuomba hesabu kwa fundi matimba! Lakini kipo kitu. Unajua kazi yangu ni kuweka magogo yanayoshikilia kuta za duara, shimo la kuchimbia dhahabu, wasiangukiwe walioko chini. Sasa duara letu hili, kama mita ishirini kwenda chini, ukuta wa mashariki una ufa. Si ajabu, kila duara lina nyufa zake. Mimi huupaka udongo juu yake, udongo ukipasuka najua jiwe limesogea. Jana Ijumaa baada ya swala nilishuka na rula ya mtoto wa mama lishe, nikapima. Milimita nne.

Kama inakufaa, nitakupimia kila Ijumaa. Haina kazi kubwa.

Kaka yako,
Muhidini


Ngokolo
24 Novemba 2024

Kaka Muhidini,

Shikamoo. Rhoda amefika na barua yako na tope la Segese kwenye viatu vyake. Mama nimemsomea yote isipokuwa pale uliposema utoto.

Kaka, umeniokoa. Darasa zima hakuna mwenye ufa. Bi Justa amesema ni jambo zuri kwa kuwa halipimwi na mtu anayetaka kuuza kitu. Nimenunua karatasi za grafu na nimeweka nukta moja, inanitazama kama jicho. Jaribio la kwanza nilipata nane kwa ishirini. Usimwambie mtu. Lakini somo la grafu nalielewa, kaka, nalielewa kweli, na sijui nilikuwa nimefichwa wapi siku zote. Usikose Ijumaa hata moja.

Kitu kimoja. Umejuaje kwamba Abdulhalim anakula vizuri? Runzewe na Segese si pua na mdomo. Ulimwona?

Mwanne


Segese
7 Desemba 2024

Mwanne,

Natumaini barua hii inawakuta salama na Mama miguu imepungua. Hapa mvua haikatiki. Mama lishe wetu amehamisha jiko mara tatu.

Vipimo vyako hivi. Ijumaa ya tarehe 22 Novemba, milimita sita. Tarehe 29, tisa. Jana tarehe 6 Desemba, kumi na tatu. Nimeongeza magogo mawili. Wanaume wanasema ukuta ule utakaa mpaka wajukuu zetu. Mabula, ambaye ndiye kiongozi wa wachimbaji, Msukuma mmoja mrefu mwenye maneno machache, alishika taa nilipokuwa napima jana. Akauliza, “Unaandika nini?” Nikamwambia, “Hesabu za dada yangu.” Akasema, “Mpe na salamu zetu.”

Mwaka juzi upande wa pili wa kilima kuna duara lilifunga, kuta zikaanguka. Nakumbuka asubuhi yake fundi wao aliniambia vidole viwili vilikuwa vinaingia kwenye ufa. Nakusimulia tu, usiogope. Hapa kwetu hata kimoja hakijaingia.

Muhidini


Ngokolo
11 Desemba 2024

Kaka,

Nakuandikia mbiombio, Rhoda anaondoka na basi la asubuhi. Mama nilimpeleka hospitali juzi, presha ilipanda, wamemlaza. Anaendelea vizuri, ila siwezi kumwacha kuja huko.

Nimeweka nukta nne. Nne, sita, tisa, kumi na tatu. Kaka, hazipandi kwa mstari ulionyooka. Zinapinda kwenda juu. Kila wiki ufa unaongezeka karibu nusu ya ulivyokuwa wiki iliyotangulia, na nusu yenyewe inakua. Nilimpelekea Bi Justa. Akaniuliza, “Hii ni nini, Mwanne?” Nikasema ni ufa kwenye duara la dhahabu, kaka yangu anaupima. Akaacha kutabasamu.

“Kuna watu ndani?”

“Wapo, mwalimu.”

“Basi usisubiri nukta ya tano.”

Nimeendeleza mstari mwenyewe. Kesho kutwa Ijumaa utakuwa ishirini. Ijumaa inayofuata, tarehe 20, utakuwa thelathini, na hivyo ni vidole viwili. Umenielezea mwenyewe kinachotokea vidole viwili vikiingia. Duara litafunga Ijumaa tarehe ishirini. Nimekuwekea mchoro ndani ya bahasha. Waonyeshe. Tokeni kabla.

Na jambo la pili. Nimepiga simu Runzewe kwa Mama Hemal, mwenye duka la vitambaa. Mwenyewe ndiye aliyepokea. Akaniambia, “Abdulhalim? Aliaga Agosti, mama. Alisema anakwenda kwa kaka yake.” Nilikaa chini palepale kwenye korido ya hospitali. Ana kaka mwingine tusiyemjua, Muhidini? Niambie kama yuko ndani ya duara lako. Nimekupigia mara kumi na nne.

Mwanne


Segese
15 Desemba 2024

Mwanne,

Mungu amponye Mama.

Yuko hapa. Tangu Agosti. Alikuja na begi, akaniambia dukani anakufa polepole, nikamkatalia, akaenda kuomba kazi duara la jirani ambalo halina hata gogo moja. Nikaona afadhali awe chini ya magogo yangu. Simu nimeizima makusudi. Mama angeniuliza, nami kumdanganya kwa sauti sijawahi kuweza. Kwenye karatasi mtu anaruka mstari.

Mchoro wako niliupeleka jana Jumamosi asubuhi, kabla hawajashuka. Waliucheka. Mabula hakucheka. Aliuchukua, akaufuata mstari kwa kidole mpaka mwisho, akaniuliza, “Hapa ndipo tarehe ishirini?” Nikasema ndipo. Akawageukia, akasema, “Mimi sishuki mpaka ipite.” Mabula asiposhuka hakuna anayeshuka. Juzi Ijumaa ulikuwa kumi na nne, haukufika ishirini uliyosema, lakini hilo sikulisema kwa sauti.

Mwenye duara amefura. Nilimwambia twende ofisi ya madini waje wakague, akanijibu wakija watafunga kila kitu hadi kijiji. Abdulhalim analala chumbani kwangu, ananuna. Usimwambie Mama.

Sasa wote tunaitazama tarehe yako.

Muhidini


Ngokolo
22 Desemba 2024

Kaka,

Mama ametoka hospitali. Tunashukuru.

Sijui kilichotokea Ijumaa. Simu yako imezimwa, ya Abdulhalim nayo vilevile, na Rhoda yuko Kahama kwa binti yake aliyejifungua. Nimeshindwa kula.

Nilikuficha neno moja. Siku ile nilimuuliza Bi Justa duara litaanguka lini. Akaniambia, “Siwezi kusema, na wewe huwezi. Grafu inakuonyesha ilikotoka. Inakokwenda ni wewe unayesema, siyo yenyewe.” Nilikuandikia tarehe hata hivyo. Nilijua ukiwaambia wanaume “hatari inaongezeka” watashuka na kikombe cha chai mkononi. Nilitaka kitu cha kuwatisha, nikawapa siku.

Jana nilimfuata nyumbani kwake nikakiri. Alikasirika, kaka, sijawahi kumwona vile. “Nani alikwambia mvua itaendelea kunyesha vilevile? Nani alikwambia ni vidole viwili, siyo kimoja, siyo vitatu? Umechukua nukta nne ukazifanya kalenda. Tarehe ikipita salama, watakuamini tena?”

Kwa hiyo sikiliza. Kama ukuta haujaanguka, haina maana kwamba umepona. Ufa ukisimama ni kwa sababu maji yamesimama. Mvua zikirudi utaendelea pale ulipoachia. Msirudi kwa sababu ya tarehe yangu. Tarehe yangu haina maana yoyote. Wasomee barua hii kama ilivyo, hata mahali ninapojiaibisha.

Mwanne


Segese
31 Desemba 2024

Mwanne,

Mwaka unaisha, alhamdulillah, na sote tuko juu ya ardhi. Sijapata barua tangu ile yenye mchoro. Hii nampa dereva wa lori anayekuja Shinyanga.

Ijumaa yako ilipita. Mvua ilikatika tangu tarehe 12, jua limewaka mpaka matope yamekuwa vumbi. Tulikaa mdomoni mwa duara tangu alfajiri kama watu wanaosubiri mwezi uandame. Nilishuka saa nane peke yangu nikapima. Kumi na nne, vilevile. Tarehe 27, kumi na nne. Walicheka, Mwanne. Walikutungia na jina, Mtabiri wa Shinyanga. Abdulhalim ndiye aliyecheka kuliko wote, na ndiye aliyenikera kuliko wote.

Mabula alikuja kwangu Ijumaa ile ya 27. Akaniambia, “Nilisema mpaka ipite. Imepita.” Jumamosi wakashuka. Nami nimeshuka nao.

Hukukosea sana. Ulijaribu.

Muhidini


Mwanza
19 Januari 2025

Mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali. Siku ile nilikupigia kwa simu ya mtu, dakika mbili, nikasema Abdulhalim yuko hai, nikakata. Mengine yalinishinda mdomoni. Mwambie Mama mguu wake umewekewa vyuma na daktari anasema atatembea, kwa kuchechemea. Anamtaka Mama. Analia usingizini.

Mvua ilirudi Jumanne tarehe 7, ikanyesha siku nzima na Jumatano nzima. Alhamisi asubuhi walishuka saba. Mimi nilikuwa katikati, kwenye ukuta wa mashariki, nikaona udongo nilioupaka umedondoka wote, mkavu, kama ganda. Sikupima. Nilipiga kelele watoke. Walitii, Mwanne, hakuna aliyebisha, kumbe nao walikuwa wanaogopa wiki zote hizo. Kamba ni moja. Wakapanda mmoja mmoja. Walibaki wawili, Mabula na Abdulhalim. Zamu ilikuwa ya Mabula, ndiye mkubwa. Abdulhalim alikuwa analia. Mabula akamfunga kamba kiunoni, akamwambia, “Nenda, usitazame chini.” Alipofika usawa wangu jiwe likatoka ukutani likampata mguu. Tulimvuta hivyohivyo. Nyuma yake ukuta ukaja wote.

Tulichimba siku mbili. Tulimtoa Mabula Jumamosi, tukampeleka kwao wakamzika.

Sasa nikwambie lile ambalo sijamwambia mtu. Barua yako ya tarehe 22 niliipata. Rhoda aliniletea Jumanne, tarehe 7, mvua ikiwa inaanza. Niliisoma nimesimama chini ya bati la mama lishe. Ulisema niwasomee. Nikafikiria vile wangecheka: Mtabiri sasa anasema tarehe yake haina maana. Nilikuwa nimechoka kuchekwa. Nikaikunja nikaiweka mfukoni, nikajiambia nitawasomea Ijumaa, siku ya kupima.

Hawakuifikia Ijumaa.

Kwa hiyo usijilaumu wewe peke yako. Wewe ulisema kweli, barua ndiyo iliyochelewa zaidi ya wiki mbili. Mimi nilikuwa nayo mfukoni siku mbili. Kila nikitaka kwenda kwa mke wa Mabula najificha nyuma ya ugonjwa wa Abdulhalim.

Kaka yako,
Muhidini


Ngokolo
2 Februari 2025

Kaka Muhidini,

Shikamoo. Mama anajua yote sasa. Nilimwambia mwenyewe, taratibu, akiwa ameshakunywa dawa. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, “Na huyo Mabula ana mama?” Nikasema sijui. Akasema nikajue.

Kwa hiyo nimekwenda, kaka. Wiki iliyopita, na Rhoda, mpaka Segese, halafu pikipiki mpaka kwa kina Mabula. Sikukuaga kwa sababu ungenizuia, au ungekuja ilhali moyo wako haujawa tayari.

Mama yake alifariki zamani. Yupo mjane wake, Klara, na watoto watatu. Nilimkuta anapalilia viazi vitamu nyuma ya nyumba. Nilimpa pole, nikamwambia mimi ni nani.

Akasimamisha jembe. “Ndiyo wewe mwenye karatasi?”

“Ndiyo mimi.”

“Alikuja nayo hapa. Akanieleza. Mstari ule, mwanangu wa kwanza naye anauelewa.” Akaegemea mpini wa jembe. “Alikaa nyumbani siku kumi na nne. Tangu tuoane hajawahi kukaa nyumbani siku kumi na nne. Alitengeneza paa la jiko. Haya matuta alilima yeye na watoto. Akawa analala mchana, anakoroma, mpaka nikamzoea.”

Nikamwambia kila kitu. Kwamba mwalimu alinikataza kutaja siku. Kwamba nilitaja kwa sababu nilitaka wanisikilize. Yako sikuyasema, kaka. Hayo ni yako, utakwenda kuyasema mwenyewe, na nakuomba uende mapema, kwa sababu yule mama anajua kusikiliza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Akaniuliza swali moja tu.

“Ungeweza kusema mwezi mzima?”

Nikamwambia ndiyo. Ningeweza kusema mpaka mvua ziishe. Ningeweza kusema msirudi kabisa.

“Ungesema mwezi,” akasema, “angekaa mwezi. Wengine wote walicheka. Yeye alikuamini.”

Akaokota jembe, akaendelea na tuta lake. Lilikuwepo jembe lingine limeegemea ukutani. Sikuuliza. Nililichukua nikaanza tuta lililofuata, tukapalilia mpaka jua likazama, hakunifukuza, wala hakunishukuru.

Mdogo wako,
Mwanne